Nani Alichagua Fraise?

Kapiteni Lokwa alipindua katoni juu ya meza, vyuma vikabingirika hadi vikagonga kikombe chake cha chai. Vilikuwa vipande saba, kila kimoja urefu wa kidole, na ncha ya mviringo iliyong'aa kwa mafuta.

"Angalia, Mama OPJ. Alafu uniambie tena kama ule muntu wako iko fundi."

"Nimeangalia," akasema Kahambu.

"Iko nini?"

"Iko fraise."

Kapiteni akapiga meza kwa kiganja. "Na wewe pia! Ule mama mwenye alizibeba toka Goma alisema vile vile kwa bariere ya Bihambwe. 'Mama, uko na nini mu karto?' 'Niko na fraise.' Askari wangu wananawa mikono, wanasema leo tunakula matunda. Wanafungua, wanakuta risasi! Jeshi njo ya kuchekelea?"

Bauma, polisi aliyemleta Kahambu kwa pikipiki, aligeukia ukuta akakohoa. Kahambu hakucheka. Alikuwa OPJ, yaani ofisa wa upelelezi, wa Masisi mwaka wa pili sasa, mwanamke pekee katika ofisi ile, na tangu alfajiri, alipoambiwa kuwa fundi Viateur alikamatwa na kupigwa kambini, hasira ilikuwa haijamtoka. Vita vya mwaka ule wa 2008 vilikuwa vimewapa watu wengi bunduki na wachache sana akili. Ndivyo alivyoona yeye, na hakuna aliyekuwa akimlipa ili aone vingine.

Akamgeukia askari aliyesimama mlangoni. "Kaka, nipe chaja ya bunduki yako. Tupu."

Askari akamtazama bosi wake. Kapiteni akatikisa bega. Kahambu akaichukua ile chaja, kisanduku cha kuwekea risasi, akaokota kimoja cha vile vyuma, akakisukumia Kapiteni.

"Ingiza."

Kapiteni akajaribu. Akakigeuza, akajaribu tena, shingo ikiwa imeanza kumlowa.

"Haiingie," akasema Kahambu. "Haina ganda, haina baruti. Pitisha kidole hapa ku kichwa, polepole. Umesikia? Iko na meno. Risasi iko na meno, Kapiteni? Kwa Kifaransa kuna matunda yenye kuitwa fraise, na hii chuma pia ni fraise. Jina moja, vitu viwili. Inafungwa mu mashini, inazunguka, inakula chuma ingine. Yenye kichwa ya mviringo ni ya kuchimba mahali penye kupinda: bakuli, kijiko, vile. Nilisoma mekanike Butembo miaka mbili mbele ya kuvaa hii nguo. Ule mama hakukudanganya. Ni nyie mulikuwa na njaa."

Askari wa mlangoni akashusha macho. Kapiteni akasogeza kikombe chake, akanywa chai iliyokwishapoa.

"Bon. Risasi tuache. Na Edmond, je?"

Hapo ndipo penyewe. Edmond alikuwa mlinzi wa turbini ya umeme wa maji ya misheni ya Nyakisozi, juu ya Lushebere. Siku ya Pasaka turbini mpya iliwashwa, taa zikawaka katika kituo cha afya, watu wakaimba hadi sauti zikakauka. Jumapili iliyofuata Edmond aliingia kutia mafuta, kipande cha gurudumu lake kikachomoka kikampiga kifuani, akafia palepale.

"Roue ile, gurudumu, nani aliitengeneza?" Kapiteni akahesabu kwa vidole. "Viateur. Mashini ya atelier, ya karakana, nani anaijua? Viateur peke yake. Na watu ya kwao wako wapi? Wako kule milimani, na waasi. Anajua kazi, alafu kazi inaua muntu. Iko sabotage, ya makusudi. Kamio ikishapakia, anaenda nayo Walikale, kwa wakubwa."

Masisi nzima ilijua kamio ile, lori la kambi. Mfungwa aliyepanda kwenda Walikale hakushuka Walikale. Baadaye ukiuliza, unaambiwa njia ni mbaya.

"Nani alikuambia Viateur iko peke yake mwenye kujua mashini?"

"Boss yake mwenyewe. Papa Mbusa."

"Kamio inaondoka saa ngapi?"

"Ikishapakia," akasema Kapiteni. "Uniletee muntu mwingine mbele ya ile. Kama hauna, kwenda salama."

Viateur alikuwa amefungiwa katika kibanda cha jiko nyuma ya kambi. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe. Alipomwona Kahambu hakuinuka wala hakuomba, alitema mate pembeni.

"Ulichelewa," akasema.

"Nimekuja. Vijiko vya ile gurudumu, vile vyenye kupokea maji, ulikata vyote?"

"Kumi na ine, na mikono yangu. Vikapimwa kimoja kimoja. Vyenye kubakia, ine, sikuvigusa."

"Juu ya nini?"

"Fraise ya dix, ya milimita kumi, ilivunjika. Ni siku ile ile mama yangu alikufa mu kambi ya wakimbizi, pale Lushebere. Jumanne, mbele ya Pasaka. Nikamuambia Papa Mbusa: ngoja, nimeagiza zingine Goma, utume muntu. Nikaenda kuzika mama." Akaonyesha kwa kidevu upande wa ofisi ya Kapiteni. "Njo zile ziko pale ku meza yake. Niliziona wakati wananipiga."

"Mu atelier ilibakia fraise gani?"

"Moja ya vingt, milimita ishirini. Nene. Na kichwa yake ilikuwa bapa, ya kunyoosha mahali penye kulala sawa. Ile haiingiake mu kijiko, Mama OPJ. Hata mutoto anaona."

"Sasa nani alimalizia?"

Viateur akamtazama kwa jicho lake zima, kwa hasira iliyokuwa sawa na ya Kahambu. "Muulize mwenye funguo ya atelier."

*

Njia ya Nyakisozi ilikuwa tope tupu. Bauma aliiacha pikipiki chini, wakapanda kwa miguu hadi kibanda cha turbini, ambako muuguzi Nyiramana aliwangoja na funguo mkononi na macho yasiyolala. Ni yeye aliyemfumba Edmond macho.

"Sasa nazalisha kwa giza," akasema, kabla hata ya salamu kumalizika. "Simu mu meno, mikono kwa mama. Wakubwa wanakuja hapa wanaangalia gurudumu, wanatikisa kichwa, wanaenda. Na nyie mutatikisa kichwa?"

"Sisi tutaangalia mpaka ione haya," akasema Kahambu.

Gurudumu lilikuwa limewekwa juu ya magogo mawili. Ukingoni mwake pande zote vilipangwa vijiko vya bronzi, kila kijiko na mashimo mawili yaliyolalana kama makalio, ili maji yakipiga katikati yagawanyike. Kimoja kilikuwa kimekatikia shingoni. Kile kilichokatika kilikuwa ndani ya gunia, bado na damu.

Bauma alizunguka kibanda, akaita: "Mama! Tundu ya risasi hapa ku bati!"

Kahambu akaenda akaliona. Akakaribia haraka, maana risasi ingemaliza kesi yote siku hiyo. Akapitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Kutu ilikuwa imeota na kukolea, na buibui alikuwa amejenga ndani.

"Ya vita ingine hii," akasema. "Tuko nazo nyingi. Kaka, rudi huku. Mama Nyiramana, uko na kioo cha kukuzia?"

Nyiramana akatoa kioo mfukoni. "Usikipoteze, ni kimoja tu. Nilimutolea nacho Papa Mbusa kipande ya chuma mu jicho, Alhamisi Kuu, akiwa njiani kwenda ku kilio cha mama ya Viateur. Kilikuwa kimekaa mu jicho toka asubuhi, kimeanza kuleta kutu."

"Asante," akasema Kahambu, akapiga magoti kwenye tope, akaweka jicho.

Fundi anayekata bakuli kwa fraise ya kichwa cha mviringo hupita mstari kando ya mstari, kama mama anayelima, na kati ya mstari na mstari hubaki tuta dogo sana. Fraise ikiwa nyembamba matuta hukaribiana, ikiwa nene hupanuka. Kahambu alivipitia vijiko kimoja baada ya kingine, akizungusha gurudumu kwa mkono. Kumi na vinne vilikuwa na matuta membamba, ya mkono uliotulia. Vitatu vilivyofuata, na kile cha kwenye gunia, matuta yao yalikuwa mapana, na pembeni mwa kila tuta kulikuwa na mkwaruzo wa pili, mwembamba, umeliandama tuta lake popote lilipokwenda.

"Fraise ingine ilikata hizi ine," akasema. "Na kichwa yake haikuwa mviringo ya kweli. Ilinolewa na muntu, kwa macho, ku jiwe."

Kisha akatoa kipimio cha taya alichoazima kwa mwalimu wa shule, akaanza kupima unene wa kuta. Kwenye vile kumi na vinne ukuta ulikuwa mmoja kila mahali. Kwenye vinne vya mwisho ulikuwa mwembamba karibu nusu, hasa shingoni, pale panapobeba nguvu zote za maji.

Bauma alikuwa amechuchumaa. "Mama, mimi sisikie kitu. Mashini si inafuata mufano?"

Kahambu akajikumbusha kuwa hasira yake haikuwa juu ya Bauma. Akaokota vijiti viwili, kimoja chembamba, kingine kinene, akavishika pamoja kwa mkono mmoja.

"Mashini ya Papa Mbusa ni ya kunakili. Iko na mikono mbili, yenye kufungwa pamoja. Huku iko kidole, kinapapasa mufano wa muti. Huku iko fraise, inaenda kila mahali kidole kinaenda, inakula bronzi. Ile siku ya kwanza mwalimu alituambia: kidole na fraise ni mapasa, mapacha. Unene moja, kichwa moja. Ukiweka fraise nene na kidole kinabakia chembamba, kidole kinasema 'mwisho ni hapa', lakini fraise iko na tumbo kubwa, imekwisha kula ku ukuta. Kila mahali inakula kupita mufano."

"Na kama unabadilisha kidole pia, unatia kinene?"

"Kidole kinene hakiingie mu pembe nyembamba. Basi bronzi inabakia mingi mu pembe. Kijiko kinakuwa kizito, kinaharibu maji kidogo. Lakini hakikatiki. Hakiue muntu." Akageukia kijiko cha kwanza katika safu ya vile vinne. Sakafu yake pia ilikuwa imeliwa. Vile vitatu vilivyofuata, sakafu ilikuwa sawa na kuta pekee ndizo nyembamba. Akarudia kupima, mara mbili, kwa sababu aliona kitu asichopenda kukiona. "Aliona. Ule mwenye alikata hii ya kwanza aliona fraise inazama, akainua mashini kwa zingine. Sakafu ikapona. Kuta akaacha."

Nyiramana aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti ndogo, "Edmond alikuwa ananiletea maji ya moto kila asubuhi, hata sijamuomba."

Kahambu alifunga gunia, akalitupa begani, na kushuka mlima kwa kasi iliyomfanya Bauma ateleze mara mbili.

*

Mbusa Jacques alikuwa na duka, kamio mbili na karakana katika Masisi, na katika kanisa alikuwa na kiti chake cha mbele. Kwao ni Butembo, kama kwao Kahambu. Alisimama kwenye mlango wa karakana amevaa miwani ya jua, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Wavukire," akamsalimu kwa Kinande, na kuendelea katika lugha hiyo, taratibu, kwa utamu: kwamba wao watu wa Butembo walikuwa wachache huku, kwamba mtoto wa kwao akiwa na madaraka ni fahari ya wote, kwamba damu ni nzito kuliko maji.

Kahambu alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kumfikia Bauma. "Papa Mbusa, shikamoo ya wakubwa nimekupa. Sasa tuongee lugha yenye huyu polisi anaandika. Vijiko ine vya mwisho nani alivikata?"

"Viateur. Alimalizia mbele ya kwenda kuzika."

"Na fraise gani?"

"Mimi niko mufanyabiashara, mwanangu. Mashini ile nilinunua Walikale, kwa kampuni yenye ilikufa. Naiangalia tu. Sijawahi kuigusa."

Mashine ilikuwa imepanguswa safi kupita kiasi. Kahambu aliuendea mkono wa kunakili. Kidole kilichofungwa pale kilikuwa bado kile chembamba, ndugu wa fraise ya dix. Akakifungua, akakitia mfukoni. Katika kabati la vifaa kila kitu kilikuwa na nafasi yake iliyochorwa na mkono wa Viateur, na nafasi ya fraise ya vingt ilikuwa wazi.

"Ya vingt iko wapi?"

"Itakuwa aliiuza. Ule kijana..."

"Bauma," akasema Kahambu bila kumwacha amalize, "naona mikono yako iko misafi sana. Tafuta."

Bauma alitafuta kwenye vyuma chakavu, akatafuta chini ya meza, kisha akakunja mkono wa shati na kuuzamisha ndani ya ndoo ya mafuta machafu chini ya mashine. Uso wake ukabadilika. Alipoutoa, mkononi alikuwa na fraise nene, na kichwa chake, kilichokuwa bapa kiwandani, kilikuwa kimesagwa hadi kikawa na umbo la yai lililokaa upande.

Mbusa akasema haraka, "Umeona? Viateur njo alinoa. Aliificha."

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu alikuwa amefika mwisho wake bila kujua. Kahambu aliingia dukani, akachukua mche wa sabuni kutoka rafu ya Mbusa mwenyewe, akaupangusa, akarudi. Alikigandamiza kichwa cha ile fraise kwenye sabuni, akakiburuta polepole mstari mmoja, kisha mstari wa pili kando yake. Akaweka sabuni karibu na kijiko kilichomuua Edmond. Tuta pana, na mkwaruzo mwembamba umeliandama. Huku na huku.

"Hii njo iliua," akasema. "Sasa toa miwani, Papa."

"Jicho linaniuma. Moshi ya kilio. Nilikaa sana ku moto, na wafiwa."

"Toa."

Akatoa. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, na katikati ya weupe wake kulikuwa na alama ndogo ya kahawia.

"Moshi hauna kutu," akasema Kahambu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomfahamu waliiogopa zaidi ikishuka. "Mama Nyiramana alikutoa chuma Alhamisi Kuu. Kilikuwa kimekaa toka asubuhi. Viateur toka Jumanne iko ku kilio Lushebere, mbele ya watu mia wenye wanaweza kuapa. Alhamisi asubuhi nani alikuwa hapa ku jiwe la kunolea, bila miwani ya kazi? Nani, Papa Mbusa? Askofu?"

Mvua ilipiga mabati. Mbusa alijikalisha kwenye kreti ya soda, taratibu, kama mgonjwa.

"Niliahidi," akasema. "Mbele ya kanisa nzima. Nilisimama nikasema Pasaka taa zitawaka. Wote walipiga mikono. Fraise zikakamatwa Bihambwe. Ningesema nini? Kwamba neno ya Mbusa ni upepo? Usiku mingi nilimuangalia Viateur akitumikisha mashini. Nikazani si kitu. Nikanoa ile nene. Alhamisi nikakata ya kwanza, nikaona inakula sana, nikainua mashini. Ijumaa nikakata zingine. Nikazani imepona."

"Kidole haukubadilisha."

"Sikujua kama inabadilishwaka! Mimi si fundi. Sikujua. Muntu mwenye hajui, kosa yake iko wapi?"

"Na wakati walimukamata Viateur, ulinyamaza."

"Sikumushitaki. Waliniuliza nani anajua mashini. Nikasema Viateur. Iko uongo? Wao njo walimalizia, juu ya jina yake na watu ya kwao."

Kahambu alikuwa na hamu ya kumpiga. Alitamani kabisa, kwa kiganja kilichofunguka, mbele ya rafu zake za sabuni. Badala yake alimvisha pingu, akazikaza tundu moja zaidi ya ilivyohitajika. Na lililomchoma zaidi ni kwamba mzee huyu alikuwa amejikinga vizuri. "Sikujua." Hakimu akilisikia neno lile kutoka kwa mtu wa kiti cha mbele ataandika ajali, atamwambia aombe radhi kwa mjane wa Edmond, na Jumapili atakuwa amekaa palepale. Kuinua mashine hakukutosha, maana mjinga naye huinua. Alihitaji kuthibitisha kwamba Mbusa alijua, na hilo halikuwa kwenye bronzi wala kwenye sabuni.

*

Walipofika kambini kamio ilikuwa imewashwa. Viateur alikuwa juu, amefungwa mikono nyuma, katikati ya magunia ya mchele na askari watatu. Umwali, mkewe, alikuwa ameshika bodi ya nyuma ya gari kwa mikono miwili na kukataa kuiachilia, na askari mmoja alikuwa akimbandua vidole kimoja kimoja.

Bauma aliisimamisha pikipiki mbele ya pua ya kamio. Nyuma yao jipi ya polisi waliyoiita ikasimama, Mbusa ndani yake.

"Kapiteni!" Kahambu alipiga kelele hadi injini ikazimwa. "Ulisema muntu mwingine. Huyu hapa. Na hii iko fraise yake, na hii iko kijiko yake, na jicho lake analo usoni. Ule mwanamuke muache mikono!"

Kapiteni Lokwa alitoka na kitambaa cha kufutia mdomo. Alitazama kijiko, akatazama sabuni, akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, mara ya kwanza, mara ya pili. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuudhi Kahambu zaidi ya yote: alikuwa na macho, ila hakuwa ameombwa kuyatumia.

"Mushushe," akawaambia askari.

Viateur alishuka. Umwali alimfungua kamba yeye mwenyewe kwa meno, hakungoja kisu. Mikono ilipokuwa huru Viateur hakumkumbatia mtu. Alienda moja kwa moja hadi kwenye jipi, akasimama mbele ya dirisha. Bauma, aliyekuwa amekaa kwenye boneti na karatasi za maelezo magotini, akasogea kumpa nafasi.

"Viateur, mwanangu," akasema Mbusa. "Unisamehe. Sikujua."

"Kidole haukubadilisha."

"Sikujua kama inabadilishwaka. Naapa."

"Ungeniuliza."

"Ulikuwa ku kilio. Wewe unajua desturi. Mufiwa hawamuulizake mambo ya kazi."

Askari mmoja mzee akaitikia kwa kichwa, maana ni kweli, ndivyo desturi ilivyo. Viateur alivuta pumzi. Kahambu, kwa mara ya kwanza siku ile, akamwachia mwingine hasira.

"Ulikuja ku kilio, Papa. Alhamisi, jua ikizama. Uliniletea mufuko ya maharagi. Ulikaa pembeni yangu ku moto, bega ku bega, na jicho lako limefungwa. Uliniuliza kama nimekula. Uliniuliza kama sanduku ya mama ilitosha. Uliniuliza kama watoto wako na blanketi. Siku ile ulikuwa umekwisha kukata ile ya kwanza, umekwisha kuona inakula." Sauti ikampasuka. "Ilikuwa neno moja tu. Niko hapo, pembeni yako. Juu ya nini haukuniuliza ile neno moja?"

Mbusa aliangalia pingu zake. Mvua ilikuwa imekatika, na watu wote, wale wa kamio na wale wa jipi, walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Ungesema hapana," akajibu.

Hata Kapiteni alishusha kitambaa chake.

"Bauma," akasema Kahambu, "andika vile vile amesema. Usiongeze neno."